SHULE ZA SEKONDARI ZAPANUKA KITUI NA MAKUENI

Mambo yafaayo kujulikana na wazazi

Mwezi wa Januari, 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia katika shule za sekondari za Kenya nzima, na miongoni mwao walikuwamo maelfu ya vijana wa Kitui na Makueni. Kama ilivyo desturi kila mwaka unapoanza, masanduku ya bati na magodoro yalipakiwa juu ya magari yaendayo Wote, Mwingi, Kibwezi na Mutomo. Lakini safari hii neno la Kidato cha Kwanza halikusikika, na wazazi wengi ambao wenyewe walisoma katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, walikuwa na maswali. Wengine waliuliza kama shule ya mtoto wao imekua au imepungua. Jawabu lake si rahisi kama idhaniwavyo.

Wanafunzi wa mwisho wa Kidato cha Kwanza waliingia shuleni mwaka 2024, baada ya mtihani wa mwisho wa KCPE uliofanywa mwaka 2023. Wadogo zao walibaki katika shule za msingi walikokuwa wakisoma Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7, 8 na 9. Basi mwaka 2025 shule za sekondari hazikupokea darasa jipya lolote, zikabaki na Kidato cha Pili, cha Tatu na cha Nne. Mwaka 2026 ulianza kwa Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na Kidato cha Nne kukaa katika kiwanja kimoja. Kwa mpango uliowekwa, mwaka 2027 ni zamu ya Gredi ya 10 na ya 11 pamoja na Kidato cha Nne cha mwisho. Na mwaka 2028 Gredi ya 10, 11 na 12 peke yake.

Maana ya hesabu hiyo ni kwamba shule iliyokuwa na vidato vinne sasa ina madarasa ya miaka mitatu tu. Shule yenye mikondo mitatu, ambayo zamani ilitumia vyumba 12, hubakiwa na vyumba vitatu vitupu hata kama watoto katika kila darasa wameongezeka. Mzazi akipita nje ataona majengo yale yale na pengine mapya, akasema shule imekua. Ni vema aingie ndani aone vyumba hivyo vitatu vimetumiwa kwa kazi gani.

NJIA TATU ZA MASOMO

Katika Sekondari ya Juu, ambayo magazeti ya Kenya huiita Sekondari Pevu, wanafunzi wote hawasomi masomo yale yale. Ziko njia tatu: ya kwanza ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ya pili ni Sayansi za Jamii, na ya tatu ni Sanaa na Michezo. Kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati na huduma kwa jamii, kisha huchagua masomo matatu ya njia yake. Hupangiwa shule kwa kuangaliwa matokeo yake ya Gredi ya 9. Mtihani wa Gredi ya 9 wenyewe huhesabiwa asilimia 60, kazi zilizopimwa na walimu shuleni asilimia 20, na tathmini ya Gredi ya 6 asilimia 20. Mtihani huo wa Gredi ya 9 ulifanywa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2025, na watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.1.

Serikali ilisema kuwa yatarajia asilimia 60 hivi ya wanafunzi wafuate njia ya sayansi. Hilo ni jambo la kupendeza, lakini sayansi haifundishwi kwa chaki peke yake. Tuchukue mfano wa shule yenye mikondo mitatu ya sayansi katika kila gredi, yaani madarasa tisa. Ikiwa kila darasa lahitaji kipindi kirefu kimoja cha majaribio kwa wiki katika Fizikia, kimoja katika Kemia na kimoja katika Biolojia, jumla yake ni vipindi 27. Maabara moja, ikitumika vipindi virefu vinne kwa siku, siku tano za wiki, haitoi zaidi ya 20. Basi vipindi saba kila wiki vitafanywa darasani, mwalimu akionyesha na watoto wakitazama. Shule kubwa za kitaifa, kama Kitui School, Muthale Girls na Makueni Boys, zina maabara kadhaa. Shule nyingi za kutwa zilizo mbali na barabara kuu zina moja, na nyingine zina chumba kilichoandikwa “Maabara” mlangoni tu, ndani mna meza na vumbi.

Hapa ndipo vyumba vitupu vingeweza kusaidia. Walakini chumba cha darasa si maabara mpaka kiwe na maji ya bomba, masinki, gesi, meza zisizoungua kwa dawa, kabati la kufungia dawa zenyewe, na milango miwili ya kutokea.

ZAMANI NA SASA

Haifai kusahau shule hizi zimetoka wapi. Mnamo mwaka 1895 Peter Cameron Scott, mmisionari wa Africa Inland Mission, alipiga kambi Nzaui, mahali ambapo leo pamo katika Kaunti ya Makueni; alifariki mwaka uliofuata. Mulango, karibu na mji wa Kitui, kulikuwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mafundisho ya kusoma na kuandika yalianzia katika vituo vya namna hiyo, na kwa miaka mingi yaliishia hapo. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, shule za sekondari katika nchi nzima zilikuwa 151 tu, na wanafunzi wake kama 30,000. Kijana wa Mutomo au Kathonzweni aliyepata nafasi alihesabiwa kuwa na bahati kubwa, na kijiji kizima kilijua jina lake.

Zilizokuja baadaye zilijengwa kwa harambee. Watu wa Ukambani hawakuwa wageni wa jambo hilo, maana tangu zamani walikuwa na mwethya, yaani kikundi cha majirani kinachokwenda shamba la huyu leo na la yule kesho. Na katika miaka ya 1950 vikundi hivyo ndivyo vilivyochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika milima ya Machakos. Mwethya ule ule ulifyatua matofali, ulichota mchanga mtoni na ulibeba mawe ya msingi. Shule nyingi za vijijini zilianza na darasa moja la matofali na mwalimu mmoja asiyekuwa na nyumba. Baada ya elimu ya msingi kutolewa bila malipo mwaka 2003, na karo ya masomo ya sekondari za kutwa kulipwa na Serikali kuanzia mwaka 2008, watoto walimiminika. Kisha mwaka 2018 ikaagizwa kwamba kila mtoto amalizaye shule ya msingi aingie sekondari. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kitui ilikuwa na watu 1,136,187, na Makueni 987,653. Nchi hizo mbili, zinazotenganishwa kwa sehemu kubwa na Mto Athi, ni nchi kavu. Na ukavu huo waingia katika habari za shule kuliko jambo jingine lolote.

MAJI

Wazazi wengi hudhani kuwa tangi moja kubwa kando ya bweni laondoa shida ya maji. Inafaa hesabu ifanywe. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya paa lenye eneo la mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Bweni lenye urefu wa mita 25 na upana wa mita 8 lina paa la mita za mraba 200. Msimu wa mvua wa milimita 300, ambao katika nyanda za chini za Kitui na Makueni ni msimu mzuri, utatoa lita 60,000 juu ya paa hilo. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa maji yanayomwagika na kuvuja, zabaki lita 48,000.

Shule yenye wanafunzi 400 wa bweni, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupikiwa, kuoga na kufua, hutumia lita 8,000 kila siku. Maji yote ya paa lile, msimu mzima, yatakwisha kwa siku sita.

Hata kama shule ina mapaa kumi ya kiasi hicho, maji yatatosha siku 60, nayo yatahitaji matangi 48 ya lita 10,000 ya kuyahifadhia. Muhula wa kwanza peke yake huchukua karibu wiki 13. Tena liko jambo ambalo watu wa pwani au wa Nairobi wasingelifikiria upesi. Katika Ukambani mvua za kutegemewa ni zile za Oktoba hadi Desemba, wala si za Machi hadi Mei. Lakini Novemba na Desemba ndiyo miezi ambayo shule zimefungwa, isipokuwa kwa watahiniwa. Mvua nzuri hunyesha juu ya mabweni matupu. Mifereji ya paa ikiwa imeziba kwa majani, au bomba limepasuka, hakuna mtu wa kuona mpaka Januari, na maji ya mwaka yamekwisha kwenda. Mwalimu mkuu mwenye busara huwaita mafundi mwezi wa Septemba.

Visima virefu husaidia, ila katika sehemu nyingi za Kitui na za nyanda za Makueni maji yake ni ya chumvi. Mabomba huliwa na kutu, sabuni haitoi povu, na maharagwe ya muthokoi huchelewa kuiva, hata kuni zinazotumika jikoni zikaongezeka. Gharama hiyo ya kuni haiandikwi katika hesabu ya maji, ingawa ndiko inakotoka.

Njia ambayo imeipatia Ukambani sifa nje ya Kenya ni bwawa la mchanga. Ukuta wa saruji na mawe hujengwa kukatiza mto wa msimu, mahali penye mwamba chini. Mvua ikinyesha, mto huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta. Na katikati ya chembe za mchanga huo maji hukaa, kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi. Jua haliwezi kuyakausha upesi, mbu hawazaliani humo, na mchanga wenyewe huyachuja. Katika Makueni kazi hiyo ilienezwa na vikundi vya Utooni vilivyoanzishwa na Joshua Mukusya katika miaka ya 1970. Na katika Kitui shirika la SASOL limesaidia wanavijiji kujenga mabwawa kwa mamia. Shule iliyo karibu na mto kama Tiva, Thua au Kaiti, ikishirikiana na majirani zake, yaweza kuvuta maji hayo kwa pampu ya nguvu za jua. Lakini lazima majirani washirikishwe tangu siku ya kwanza. Maji ya mto wa mchanga ni ya watu wote na ng’ombe wao, na shule inayojichimbia peke yake hupata maji pamoja na ugomvi.

VITANDA NA MILANGO

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi, 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, katika Wilaya ya Machakos kama ilivyoitwa wakati ule, lilichomwa moto. Wanafunzi 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Hakuna mzazi wa Ukambani wa rika fulani asiyekumbuka wiki ile, na msiba huo ni mmoja wa iliyotangulia kanuni za usalama wa shule zilizotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008.

Kanuni hizo si ngumu. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupita katikati isipungue mita 2. Milango iwe na upana wa futi 5, ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa kufuli kutoka nje wakati wanafunzi wamo ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Uwepo mlango wa dharura katikati ya bweni. Tukilirudia bweni letu la mita 25 kwa 8, na kitanda cha sentimita 90, kila upande hutosha vitanda 11 baada ya kuacha nafasi ya mlango wa katikati. Ni vitanda 22, na vikiwa vya ghorofa moja juu ya nyingine, wanafunzi 44. Wanafunzi 400 wahitaji mabweni tisa ya namna hiyo, na hata hivyo wanne watabaki bila kitanda.

Basi shule inayotangaza kwa furaha kuwa imepokea watoto 100 zaidi, na haijajenga bweni, imewaweka wapi? Mara nyingi katika vile vyumba vitatu vya madarasa vilivyobaki vitupu. Vyumba hivyo vilijengwa kwa ajili ya madawati, vina vyuma madirishani ili vitabu visiibwe, na mlango mmoja unaofunguka kwa ndani. Kuling’oa dirisha la vyuma na kuugeuza mlango ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache. Kazi hiyo ifanywe kabla godoro la kwanza halijaingia.

FEDHA NA WALIMU

Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti madarasa ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Shule za sekondari ziko chini ya Serikali ya Taifa. Ndiyo sababu gavana aweza kutoa msaada wa karo lakini hawezi kumhamisha mwalimu. Walimu huajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Wanapopungua, Bodi ya Usimamizi ya shule huajiri wengine, na mishahara yao hutoka katika fedha za wazazi. Madarasa mengi mapya katika majimbo manane ya Kitui na sita ya Makueni yamejengwa kwa fedha za maendeleo ya majimbo, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Ruzuku ya Serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari iliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka kuanzia 2018, ijapokuwa mara nyingi fedha zilizofika shuleni zimekuwa pungufu na zimechelewa. Mwanafunzi wa kutwa hatozwi karo ya masomo. Mzazi hununua sare na kulipia chakula cha mchana. Kwa shule kubwa za mabweni Wizara iliweka kiwango kisichopaswa kuzidi shilingi 53,554 kwa mwaka. Lolote linaloongezwa juu ya kiwango cha Wizara, liwe kwa jina la basi, la lango au la “maendeleo”, mzazi ana haki ya kuuliza limeidhinishwa na nani.

Pahali pa kuuliza ni mkutano wa mwaka wa Chama cha Wazazi, ambao umewekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kila mzazi ni mwanachama; hapana kadi wala ada. Inasikitisha kuwa katika shule nyingi mkutano huo huhudhuriwa na watu wengi siku ya kutolewa zawadi, na wachache siku ya kusomwa hesabu. Mama wa Kyuso aliyeuza mbuzi wawili ili kulipa karo ya muhula ana kila sababu ya kukaa mpaka hesabu imalizike kusomwa.

MAMBO YAJAYO

Kalenda ya shule haibadiliki sana mwaka hata mwaka. Muhula wa kwanza ni wa riadha na wa mashindano ya maigizo, ambayo huanzia katika kaunti ndogo na kumalizikia katika mashindano ya taifa mwezi wa Aprili. Muhula wa pili huwa wa michezo ya mpira, na baadaye tamasha la muziki la taifa katika mwezi wa Agosti, ambamo nyimbo na ngoma za Wakamba zimezoeleka jukwaani. Maonyesho ya sayansi na uhandisi nayo huanzia katika ngazi za chini. Huko shule ndogo ya kutwa yaweza kuipita shule ya kitaifa kwa kifaa kilichotengenezwa kwa mabati na nyaya kuukuu. Muhula wa tatu ni mfupi, nao ni wa mitihani.

Kwa wanafunzi wa njia ya Sanaa na Michezo mashindano hayo si mapumziko tena. Ni sehemu ya masomo yao, na shule isiyo na uwanja wala ala za muziki itapungukiwa vile vile kama isiyo na maabara.

Mtihani wa mwisho wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, umepangwa kufanywa mwishoni mwa mwaka 2027. Mtihani wa kwanza wa Gredi ya 12 umepangwa kufuata mwishoni mwa 2028, na watakaoufanya ni wale walioingia Januari 2026 na masanduku yao. Mvua za Oktoba zitakuwa zimenyesha mara mbili kabla ya mwaka huo wa mtihani kuanza, na mifereji ya mapaa yaweza kusafishwa mara mbili.